Kuisoma Karatasi ya Kipimo cha Kolesteroli

Mlaji anayelipia kipimo cha damu amenunua huduma, na mnunuzi wa huduma anastahili kuelewa alichouziwa. Hata hivyo, majibu ya kipimo cha kolesteroli mara nyingi hukabidhiwa dirishani, yakiwa na vifupisho, namba na pengine herufi H kando ya mstari mmoja. Mwenye karatasi hurudi nyumbani akiwa na hofu asiyoihitaji, au akiwa na faraja asiyostahili kuwa nayo. Katika sura hii tunaeleza namba hizo zinasema nini, na zipi hazisemi lolote zikisomwa peke yake.

Kolesteroli, ambayo baadhi ya waandishi wa afya huiita lehemu, si sumu. Mwili huitumia kujenga kuta za seli, kutengeneza baadhi ya homoni na kutengeneza nyongo, na sehemu yake kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa kwenye ini. Kwa kuwa haichanganyiki na maji, husafirishwa katika damu ndani ya vifurushi vidogo. Vifurushi vya LDL huipeleka sehemu mbalimbali za mwili. Vya HDL hushiriki kuirejesha kwenye ini. LDL inapokuwa nyingi kwa miaka mingi, baadhi yake hupenya ukuta wa ateri na kubaki humo, ukuta huvimba kwa ndani na njia ya damu hupungua. Uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Ateri ikiwa ya moyo, huo ndio mshtuko wa moyo; ikiwa ya ubongo, huo ni kiharusi. Katika miaka hiyo yote mwenye mwili kwa kawaida hahisi chochote, na ndiyo sababu kipimo kinahitajika.

Kwanza, tazama kizio

Maabara hutumia vizio viwili: mmol/L na mg/dL. Mtu aliyepata 5.2 katika maabara moja na 201 katika nyingine hajapandishwa na lolote. Ni kiasi kilekile. Ili kugeuza mmol/L ya kolesteroli kuwa mg/dL, zidisha kwa 38.67. Kwa trigliseridi, ambazo ni mafuta ya aina nyingine yaliyomo katika damu, zidisha kwa 88.57. Karatasi isiyoonyesha kizio haijakamilika, na mteja ana sababu ya kuirudisha dirishani ikajazwe.

Kwa nini jumla hupotosha

Mstari wa kwanza huwa ni kolesteroli jumla, na ndio unaowatisha watu zaidi. Jumla hiyo hujumuisha vifurushi vya kila aina, hata vile vya HDL. Tuchukue mfano wa kubuni wa wanawake wawili wa umri mmoja. Wa kwanza ana jumla ya 5.6 mmol/L, HDL 2.1 na trigliseridi 0.9. Wa pili ana jumla ya 5.0, HDL 0.8 na trigliseridi 2.2. Maabara nyingi huweka mpaka wa juu karibu na 5.2, kwa hiyo wa kwanza atapewa herufi H, na wa pili ataambiwa yu salama. Sasa toa HDL katika jumla. Wa kwanza anabaki na 3.5, wa pili anabaki na 4.2. Kiasi hiki kinachobaki ndicho chenye uwezo wa kunasa katika kuta za ateri, na aliyepongezwa ndiye aliyenacho kingi zaidi. Hesabu hii haigharimu senti. Tunamshauri kila msomaji aifanye kabla ya kushangilia au kuogopa.

LDL yenyewe mara nyingi haipimwi moja kwa moja. Tangu mwaka 1972 maabara zimekuwa zikitumia kanuni ya Friedewald: toa HDL katika jumla, kisha toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2, iwapo kizio ni mmol/L. Kanuni hiyo haitegemewi trigliseridi zinapozidi 4.5 mmol/L. Ukiona trigliseridi 6 na bado LDL imeandikwa, uliza ilipatikanaje. Trigliseridi zinazozidi 10 ni jambo la kumwona daktari bila kuchelewa, kwa kuwa zinaweza kusababisha uvimbe wa kongosho.

Je, ni lazima kufunga? Kwa kipimo cha kawaida, miongozo mingi ya sasa haidai hivyo, ingawa trigliseridi zikionekana kuwa juu daktari anaweza kuomba kipimo kirudiwe baada ya saa 8 hadi 12 bila chakula. Maji huruhusiwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asifunge kabla ya kushauriwa, kwani sukari inaweza kushuka kwa hatari. Ni vema pia kusema ukweli kuhusu hali ya mwili: ugonjwa mkali au upasuaji wa karibuni hushusha kolesteroli kwa wiki kadhaa, na ujauzito huipandisha. Hata kwa mtu mzima wa afya, namba hupanda na kushuka kidogo kati ya siku na siku. Tofauti ya 5.1 na 5.3 haina maana yoyote.

Namba haisomwi peke yake

Herufi H humaanisha tu kwamba umevuka mpaka ulioandikwa na maabara. Haisemi una ugonjwa wa moyo. Hatari hutokana na mambo kadhaa yanayokutana katika mwili mmoja: umri, jinsia, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu, kisukari na kolesteroli. Mvutaji wa miaka 60 mwenye shinikizo la juu na LDL ya 3.2 yumo hatarini zaidi kuliko kijana wa miaka 30 asiyevuta, mwenye LDL ya 3.8. Mwaka 2019 yalichapishwa majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria hatari hiyo kwa watu wa miaka 40 hadi 74, yakiwa yamegawanywa kwa kanda za dunia, Afrika Mashariki ikiwemo. Toleo moja la majedwali hayo halihitaji damu kabisa. Hutumia uzito na urefu mahali pa kolesteroli. Kwa asiyemudu kipimo, hilo ni jambo kubwa: zahanati yenye mashine ya shinikizo na mizani inaweza kuanza naye leo.

Ipo hali moja ambayo namba pekee inatosha kumpeleka mtu kwa daktari. LDL inayofikia 4.9 mmol/L au zaidi huenda ni ya kurithi, na hali hiyo humpata takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300. Mwili wa mtu huyo hauwezi kuiondoa LDL katika damu inavyopasa. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua kasoro hiyo ilipo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa mwembamba na mla mboga, na halaumiwi kwa chakula chake. Ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wapimwe nao, hasa kama katika ukoo wapo waliofariki ghafla wakiwa bado vijana.

Chupa iliyoandikwa “haina kolesteroli”

Tumeona maneno haya kwenye madumu ya mafuta ya kupikia, pengine yakiambatana na picha ya moyo. Maneno ni ya kweli na hayamfai mlaji. Kolesteroli hupatikana katika vyakula vya wanyama. Mafuta ya mmea, yawe ya nani, hayana kiasi cha kutajwa. Kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta shibifu, na hayo yamo katika mimea pia. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni shibifu, na katika mafuta ya nazi yanazidi asilimia 80. Mafuta ya alizeti, yanayokamuliwa kwa wingi Singida na Dodoma, yana takriban asilimia 10 tu. Hatusemi watu wa pwani waache wali wa nazi. Tunasema tui zito la kila siku, juu ya maandazi na mihogo ya kukaanga, lina hesabu yake, na lebo ya dumu haitaitoa. Geuza dumu usome mstari wa mafuta shibifu, ukiwepo. Usipokuwepo, mafuta yanayoganda asubuhi ya baridi kwa kawaida yana shibifu nyingi zaidi kuliko yasiyoganda.

Mashine za mkononi na dawa za kusafisha mishipa

Katika masoko na maonesho wapo wauzaji wanaompa mteja kishikio cha chuma, kisha kompyuta ikatoa kurasa nyingi juu ya kila kiungo, kolesteroli ikiwemo. Kolesteroli hupimwa kwa damu, iwe ya mshipa au tone la kidoleni. Kishikio hakina namna ya kuijua. Mara nyingi mwenye mashine ndiye pia mwenye dawa, na hilo pekee lingepaswa kumfanya mteja akaze mkoba wake.

Dawa ambayo faida yake imethibitishwa kwa majaribio makubwa ni statini. Hupunguza utengenezaji wa kolesteroli kwenye ini, na kila mmol/L 1 ya LDL inayopunguzwa hushusha matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa takriban moja ya tano. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, lakini hakichukui nafasi yake. Kosa linalotusikitisha zaidi ni la mgonjwa anayeona LDL imeshuka akaacha vidonge kwa kudhani amepona: namba imeshuka kwa sababu ya vidonge, na vikiachwa hupanda tena ndani ya wiki chache. Mwenye maumivu ya misuli yasiyoeleweka arudi kwa daktari, asijiamulie kuacha. Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, amweleze daktari mapema. Juisi ya balungi kwa wingi huongeza nguvu ya baadhi ya statini kupita kiasi.

Kipimo cha kwanza baada ya kuanza statini kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 4 na ya 12. Nenda na karatasi ya awali, na ikiwezekana pima katika maabara ileile.