Gede: Mji Uliopoteza Jina Lake

Utangulizi

Msafiri atokaye Kilifi kwenda Malindi kwa barabara kuu hupita Matsangoni, kisha Mida, ndipo afike Gede. Upande wa bara umetanda msitu wa Arabuko-Sokoke. Upande wa pwani ipo hori ya Mida na mikoko yake. Vituo hivi ni vidogo, lakini majina yake yana mengi ya kumfunza mwanafunzi wa Kiswahili. Jina Matsangoni lina sauti ya ts, ambayo Kigiriama huitumia katika maneno mengi ambayo Kiswahili sanifu kina ch: nchi ni tsi, na chini ni tsini. Gede, kwa upande wake, ni neno la Kioromo. Makala haya yanaeleza historia na vivutio vya Gede, na yanashikilia kwamba magofu yake hayatafahamika ipasavyo iwapo yataendelea kuelezwa kwa majina ya kuazima pekee.

Jina na Asili

Neno Gede, ambalo wengine huliandika Gedi, hufasiriwa kuwa kitu cha thamani. Waoromo walifika sehemu hizo katika karne ya 17, mji ulipokuwa umekwisha au unakaribia kuhamwa. Kwa hivyo, jina tunalolitumia leo ni la waliokuja baadaye. Wenyeji wa awali waliuitaje mji wao? James Kirkman, aliyeongoza uchimbuaji hapo kuanzia mwaka 1948, alipendekeza kwamba huenda uliitwa Kilimani. Pendekezo hilo halijathibitishwa. Hata hivyo, linavutia, kwa kuwa ni jina la Kiswahili lenye kueleweka hata kwa mtoto.

Aidha, Wareno walikaa Malindi, umbali wa kilomita 16 hivi, kwa takriban karne nzima, lakini maandishi yao hayautaji waziwazi mji wa Gede. Yamkini ni kwa sababu mji huu, tofauti na Malindi au Mombasa, haukujengwa ufuoni bali kilomita chache kutoka baharini.

Historia kwa Ufupi

Makazi ya Gede yalianza yapata karne ya 12 au ya 13, na mji ulifikia kilele chake katika karne ya 15. Kaburi moja lina mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Ukuta wa nje ulizunguka eneo la takriban ekari 45, na ndani yake mlikuwa na jumba la mtawala, nyumba za mawe, misikiti na visima virefu. Vyombo vya kauri kutoka Uchina na shanga za kigeni zilizofukuliwa hapo ni ushahidi wa biashara ya mbali.

Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulihamwa. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: uvamizi wa Wazimba mwaka 1589, kuhama kwa mtawala wa Malindi kwenda Mombasa baada ya hapo, kupungua kwa maji visimani, na kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini. Haielekei kwamba sababu moja pekee ilitosha. Mji uliokwisha kudhoofika kibiashara usingeweza kustahimili kiu na hofu kwa pamoja.

John Kirk aliyazuru magofu haya mwaka 1884, na serikali ya kikoloni ikayatangaza kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927. Mnamo Julai 2024, UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mji wa Nani?

Kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kiliita Gede mji wa Waarabu. Mtazamo huo ulirithiwa na wengi, lakini watafiti wa baadaye, akiwemo Chapurukha Kusimba, wamesisitiza kwamba miji ya aina hii ilikuzwa na Waafrika wa pwani wenyewe. Mawe ya Gede yanaunga mkono rai hiyo. Kuta ni za matumbawe na chokaa, malighafi ya papa hapa. Makaburi ya mnara ni alama mahususi ya Uswahilini. Hata juu ya mlango mmojawapo wa Msikiti Mkuu imechongwa ncha pana ya mkuki.

Suala la istilahi halijatatuliwa, hata hivyo. Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa humo: Mkasi, Taa ya Chuma, Kauri. Mtu akisema Nyumba ya Kauri, msikilizaji hajui kama ni simbi wa baharini, aliyewahi kutumiwa kama fedha, au ni chombo cha Kichina, kwa maana neno ni lile lile. Fauka ya hayo, majina hayo hayaelezi watu waliishije. Nyumba za kale za Lamu zina istilahi hai: daka, kiwanda, msana, ndani. Mpangilio wa Gede wa ua mbele, chumba kirefu, kisha vyumba vya faragha nyuma, unafaa kulinganishwa nazo.

Vivutio vya Jirani

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba, ni makao ya bundi mdogo wa Sokoke na sengi mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo ulioko Gede umewawezesha wakulima wa kandokando ya msitu kufuga viwavi hadi vijifungie vifukoni, kisha kuviuza ng'ambo. Hivyo msitu huwa na faida ukiwa umesimama. Katika hori ya Mida hutua ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia.

Hitimisho

Mwacha mila ni mtumwa. Urithi wa Gede sasa umetambuliwa duniani, lakini kutambuliwa si sawa na kufahamika. Wazee wa Matsangoni, Mida na Gede wanajua majina ya visima, njia na miti ambayo hayamo vitabuni. Kazi ya kuyakusanya, kuyalinganisha na lahaja za pwani na kuyaandika kwa Kiswahili inawangoja wanafunzi wa lugha hii. Jina la kwanza la mji limekwisha kupotea. Haifai majina yaliyobaki nayo yalifuate.