Shangazi, mume wangu hagusi tena cherehani

Mume wangu ni fundi nguo. Tangu Idi ipite hajashona. Vitambaa vya wateja vimelundikana. Chakula anadonoa, na saa tisa usiku yuko macho hadi alfajiri. Juzi kaniambia, "Bila mimi mngepumua." Hospitali walisema ni sonona, wakampa fluoksetini. Kameza siku sita, kaacha, eti zinamletea kichefuchefu tu. Mama mkwe anataka mganga, mashemeji wanasema ni uvivu. Nifanyeje?
Mama Watoto, Morogoro

Mwanangu, nianze na hilo neno la juzi. Leo hii, mkiwa wawili tu, muulize waziwazi: "Baba, unafikiria kujiua?" Usiogope kwamba utampa wazo, kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na wengi hushusha pumzi wakiulizwa. Akikubali, asibaki peke yake hata dakika moja, mwende hospitali leo hiyohiyo. Hata akikataa, sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vyote viondoke nyumbani au vifungiwe.

Sasa hizo dawa. Fluoksetini si panadol. Kichefuchefu hutangulia, na mara nyingi hupungua baada ya siku chache; nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, pengine 6. Mumeo amelipa advansi, akaondoka kabla nguo haijashonwa. Arudi kwa daktari, aeleze kilichomkera, wapange upya. Na akishapona asijiachishe mwenyewe: kwa kawaida dawa huendelea miezi 6 au zaidi.

Aulizie na tiba ya mazungumzo. Kule Rakai na Masaka, Uganda, wanakijiji wenye sonona walikutana kwa makundi kila wiki, wiki 16, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wasiokuwa kwenye makundi.

Mashemeji waulize ni mvivu gani anayekosa usingizi. Mama mkwe usigombane naye. Dua aombe, ila mitishamba isichanganywe na vidonge bila daktari kujua.

Siku ya kurudi hospitali, ingia naye chumbani. Daktari aambiwe lile neno la juzi, na kama mumeo aliwahi kuwa na siku za kuchangamka kupita kiasi bila kulala, hilo nalo liseme, maana hapo dawa huwa nyingine. Mwenyewe huenda asiyataje.