SOMO LA UNYENYEKEVU KWA VIJANA WACHEZAO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, somo hili ni la unyenyekevu na ithari kwa vijana wa vyuoni wachezao mpira na kushindana mbio.

Unyenyekevu ni mtu kuikubali haki imjiapo, wala asimdharau mwenziwe. Kinyume chake ni kibri, nacho ni kuikataa haki na kuwadharau watu, kama alivyobainisha Mtume (S.A.W.) katika hadithi aliyoipokea Muslim. Ama ithari ni mtu kumtanguliza mwenziwe katika jambo ambalo yeye mwenyewe analihitaji. Kwa sifa hiyo wamesifiwa Ansari wa Madina katika Sura ya Al-Hashr, aya ya 9.

Mchezo wenyewe hauna makosa. Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi, na Ibn Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Imamu Shafii katika ujana wake alikuwa hodari wa kutupa mishale. Na katika madhehebu yake kushindana mbio kwa miguu kwajuzu, maadamu hapana mali inayoshindaniwa. Lakini jambo la halali laweza kuharibiwa na nia.

Mfano wake ni kijana wa chuo huko Kisanga, katika nchi ya Kilosa, ambaye yeye na wenziwe wamekwenda kucheza na vijana wa Mikumi. Kijana huyu ni mwepesi wa miguu. Apatapo mpira hampi mtu. Wakishinda husema, "Nimeshinda", wakishindwa husema, "Wameniangusha." Mdogo akikosa, humtukana mbele za watu. Ikiadhiniwa alasiri husema mchezo haujesha. Watu humshangilia, naye hudhani amekuwa mtu mkubwa. Na yule mdogo aliyetukanwa kesho haji uwanjani, na keshokutwa haji chuoni, na Kurani aliyokuwa akiisoma imemkatikia njiani. Basi dhambi ya ulimi mmoja imefika mbali kuliko mpira.

Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye nguvu si yule awaangushaye watu, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Wameipokea Bukhari na Muslim.

Na imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Adhbaa, asiyepitwa mbio. Siku moja akaja Bedui juu ya ngamia kijana, akampita. Waislamu wakaona uzito mkubwa. Mtume alipoiona huzuni yao akawafahamisha kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kuwa hakiinuki kitu cha dunia ila hukishusha. Msomaji na azingatie: aliyepitwa ni ngamia wa Mtume mwenyewe, na yeye hakukasirika wala hakumlaumu Bedui. Waswahili nao husema, mpanda ngazi hushuka.

Tena katika mwaka wa 3 wa Hijra, kabla ya vita vya Uhud, Mtume (S.A.W.) aliwarudisha vijana wadogo. Rafii bin Khadij akaruhusiwa kwa kuwa ni hodari wa mishale. Ikasemwa kuwa Samura bin Jundub humwangusha Rafii kwa mieleka, naye pia akaruhusiwa. Wote wawili walikuwa wa miaka kumi na mitano. Katika kisa hiki mna faida kubwa: ushindi wa Samura haukumnyang'anya Rafii nafasi yake. Kila mmoja alipewa nafasi kwa alichokuwa nacho, na nguvu za wote wawili zilikuwa za kuwatumikia watu.

Kwa hiyo kijana achezaye na ashike mambo manne. Ampe mpira aliye mahali bora kuliko yeye. Akishinda, amshukuru Mola wake na awape mkono walioshindwa. Akishindwa, asitafute wa kumlaumu. Na maji yakiletwa, awanyweshe wadogo kwanza.

Na baba na mwalimu wana sehemu yao. Wasimsifu mfungaji peke yake, wakamsahau aliyempa mpira. Kwani mtoto huyafuata yale anayosifiwa. Na wakati wa sala ukiingia, mwalimu na awe wa kwanza kuuacha uwanja.

Mwenyezi Mungu awaepushe vijana wa Kiislamu na kibri, na awajaalie kupendana. Amin. Wallahu aalam.