Acha Kiburi Mlangoni, Lakini Umwite Mwenye Njaa



Mara hii tunataka jumuiya zetu zijifunze juu ya kutoa msaada. Somo letu tumelipata mahali ambapo wengi hawangetarajia: filamu juu ya wanamuziki matajiri wa Marekani. Filamu hiyo, The Greatest Night in Pop, iliongozwa na Bao Nguyen na ikatoka mwaka wa 2024. Inaonyesha jinsi wimbo "We Are the World" ulivyorekodiwa usiku wa tarehe 28 Januari 1985. Wale wa umri wetu wanaukumbuka vizuri kutoka redioni. Lakini hata kama kikundi chenu hakijaiona filamu, mnaweza kulifuata somo. Tutatumia njia yetu ya kawaida: kuona, kuamua na kutenda.

KUONA

Mwaka wa 1984 Ethiopia ilipatwa na njaa kali. Mvua zilikosa, lakini shida haikuwa mvua peke yake. Kulikuwa na vita Tigray na Eritrea, na vita hivyo vilizuia chakula kuwafikia wenye njaa. Watu mamia ya maelfu walikufa. Mwezi wa Oktoba dunia iliamshwa na picha kutoka Korem. Aliyezipiga alikuwa Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, akiwa pamoja na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Mwezi uliofuata Bob Geldof na Midge Ure waliwakusanya wanamuziki wa Uingereza, wakarekodi wimbo wa kuchangisha pesa.

Huko Marekani mwimbaji Harry Belafonte alitaka watu weusi wa nchi yake nao wajitokeze kuwasaidia ndugu zao wa Afrika. Akaongea na meneja Ken Kragen. Lionel Richie na Michael Jackson wakatunga wimbo, na Quincy Jones akasimamia kazi. Ili wawapate watu wengi kwa mara moja, walichagua usiku wa sherehe ya kutoa tuzo za muziki mjini Los Angeles. Sherehe ilipokwisha, wanamuziki zaidi ya 40 wakaenda studio ya A&M, wakafanya kazi mpaka asubuhi. Quincy Jones alikuwa ameweka tangazo la kumwambia kila mmoja aache kiburi chake mlangoni.

Hebu tutazame mambo manne yaliyotokea usiku huo.

La kwanza, kabla ya kuimba, Geldof alisimama akawaeleza aliyoyaona kwa macho yake huko Ethiopia. Watu waliotoka kwenye karamu wakanyamaza.

La pili, Bob Dylan, mtu mwenye jina kubwa sana, alishindwa kuimba kipande chake. Hakuchekwa. Stevie Wonder alikaa kwenye piano akamwimbia kwa kuiga sauti ya Dylan mwenyewe, mpaka akajipata.

La tatu ni la kusikitisha. Mwimbaji Sheila E. anasema katika filamu kwamba aliona ameitwa hasa ili amlete Prince, rafiki yake. Prince hakuja, naye Sheila akaenda zake.

La nne linatugusa sisi wenye lugha hii. Stevie Wonder alipendekeza waingize maneno ya Kiswahili katika wimbo. Mabishano yakaanza, na mwimbaji mmoja akatoka nje. Ndipo wakaelezwa kwamba watu wa Ethiopia hawasemi Kiswahili. Wao wana Kiamhari, Kioromo, Kitigrinya na lugha nyingine nyingi. Pendekezo likaachwa. Baadaye usiku huohuo waliingia wanawake wawili wa Ethiopia, walioalikwa na Stevie Wonder, wakawashukuru waimbaji. Wengi wakatokwa na machozi.

KUAMUA

Tusiwacheke. Nia yao ilikuwa njema, na wimbo ulileta zaidi ya dola milioni 60. Pesa hizo zilinunua chakula na dawa, nyingine zikaenda kwa miradi ya muda mrefu. Kuna watu walipona kwa sababu yake.

Lakini tuliangalie jambo hili la lugha. Chumba kilijaa watu wenye vipawa, kiburi kimeachwa mlangoni, na bado walikisia lugha ya mwenye njaa. Kwa nini? Kwa sababu yeye mwenyewe hakuwepo walipokuwa wakipanga. Aliingia baadaye, kushukuru. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Unyenyekevu peke yake hautoshi. Lazima pia umwulize.

Sisi tunaofanya kazi vijijini tunayaona haya. Maharagwe magumu yanaletwa mahali ambapo hakuna kuni wala maji ya kuyachemsha. Kisima kinachimbwa kando ya barabara ili wageni wakione, na kina mama wanaendelea kutembea mbali. Halafu wenyeji wanaitwa siku ya kufungua mradi, wacheze ngoma na kusema asante.

Belafonte mwenyewe alikuwa amewahi kusaidia kwa njia nyingine. Mwaka wa 1959 Tom Mboya alipotafuta pesa za kuwapeleka wanafunzi wa Kenya Marekani, Belafonte alikuwa mmoja wa waliomsaidia kuchangisha. Hapo Waafrika ndio waliosema tunahitaji hiki, na rafiki akaitikia.

Bwana wetu Yesu alitutangulia katika njia hii. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu alimwona. Hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini (Mk 10). Naye Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Sollicitudo Rei Socialis ya 1987, alifundisha kwamba mshikamano si kuona huruma tu ikapita; ni kuamua kwa dhati kushughulikia mema ya wote. Wimbo unaweza kuamsha huruma kwa usiku mmoja. Haukuweza kumaliza vita vilivyozidisha njaa ile. Hiyo ni kazi ya haki, nayo ni ndefu.

KUTENDA

Kikundi kikae, kisome tena Mk 10:46-52, halafu kijadili:

1. Katika kamati yetu ya maendeleo, ni nani anayeletewa msaada lakini hajawahi kuulizwa? Je, wajane, walemavu na vijana wana nafasi ya kusema?

2. Tunapoita harambee, je, kuna watu tunaowaita kwa sababu ya jamaa zao wenye pesa tu, kama Sheila E. alivyojiona ameitwa?

3. Kuna mtu kati yetu anayeogopa kusema mkutanoni? Nani atakaa karibu naye, kama Stevie Wonder alivyofanya, mpaka aipate sauti yake?

4. Shida yetu kubwa ni ukosefu wa mvua au chakula peke yake, au kuna jambo la haki nyuma yake?

Kabla ya kuachana, chagueni shida moja tu. Kabla ya kuandika barua yoyote ya kuomba pesa, wawili wenu waende kwa wale wanaoumia, wakae nao na kuwauliza. Watakayosema, yaandikeni kwa maneno yao wenyewe. Mradi uanzie hapo.