SOMO LA TATU: KUTUMIA INTANETI YA MAKTABA YA UMMA KWA UWAJIBIKAJI

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji ataweza kueleza kwa nini kompyuta ya maktaba huhitaji tahadhari kuliko kompyuta ya nyumbani. Kulinda taarifa zake kabla, wakati na baada ya kuitumia. Na kutambua wajibu wake kwa mwenzake atakayeketi baada yake.

1. Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano. Binti mmoja wa Ujiji amemaliza kidato cha sita na matokeo yake ni mazuri. Nyumbani kwao hakuna kompyuta, na simu ya mama yake ni ndogo, ya kupigia na kupokelea tu. Binti anapanda daladala hadi Kigoma mjini, anaingia maktaba, na katika saa moja aliyopangiwa anajaza maombi ya mkopo kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Anaweka namba yake ya mtihani, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, majina ya wazazi, picha na namba ya akaunti ya benki.

Muda unakwisha. Nyuma yake wapo wanaosubiri, na mmoja ameanza kuguna. Binti anafunga dirisha la kivinjari, anachukua mkoba na kuwahi gari. Nyaraka alizopakua zimebaki kwenye folda. Hakutoka kwenye baruapepe yake. Nenosiri nalo limehifadhiwa, kwa sababu kivinjari kilipomuuliza kama kilihifadhi, alibofya kukubali bila kusoma.

Anayeketi baada yake si lazima awe mtu mbaya. Wengi watafungua shughuli zao na kuendelea. Lakini akitokea mmoja mwenye nia ovu, ataweza kubadili nenosiri, kubadili namba ya akaunti ya benki, au kuchukua cheti na picha na kujifanya ndiye yeye. Binti huenda asigundue chochote mpaka siku ambayo wenzake watapata majibu naye akakosa. Hapo hakuna kufuli lililovunjwa. Mlango uliachwa wazi.

Kutokana na mfano huu tunapata kanuni kuu ya somo letu: kompyuta ya maktaba ni ya watu wote, lakini taarifa zako ni zako peke yako. Ondoka na vilivyo vyako, wala usiguse vya mwenzako. Kanuni nyingine zote zilizomo katika somo hili ni matawi ya hiyo moja.

2. Kwa nini maktaba ina kanuni

Huduma ya maktaba za umma nchini ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na leo inasimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kwa mujibu wa Sheria Na. 6 ya mwaka 1975. Maktaba Kuu ya Taifa, jijini Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Tangu siku hizo msingi wake haujabadilika: kitu kimoja kiwafae watu wengi, kwa zamu. Kitabu hupewa tarehe ya kurudishwa ili mwingine naye akisome. Kompyuta hupewa saa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo mtumiaji anapoambiwa aandike jina lake kwenye daftari, atumie muda uliopangwa, asiongee kwa sauti na asipakue filamu, asidhani kwamba ananyanyaswa. Intaneti ya maktaba ni kama bomba la mtaa: mtu mmoja akilifungua kwa nguvu zote kwa ajili ya filamu ya saa mbili, anayetaka kuona matokeo ya mtihani hukuta linadondoka matone. Kila maktaba huweka masharti yake mahali pa kuonekana. Yasome kabla ya kuketi, na usipoyaelewa muulize mkutubi.

3. Kabla ya kuketi

Wakati wa maktaba ni mfupi, na haraka ndiyo chanzo kikubwa cha makosa. Andaa shughuli yako nyumbani. Andika kwenye karatasi namba utakazohitaji, isipokuwa nenosiri, ambalo ulihifadhi kichwani. Beba simu yenye laini uliyosajili mwenyewe, maana mifumo mingi hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi.

Ukibeba flashi, iombee ruhusa kwanza. Wengi wetu tumewahi kuona flashi iliyopita katika duka la kuchapisha nyaraka ikarudi na faili zote zimegeuka njia za mkato zisizofunguka. Hiyo ni kazi ya virusi, na virusi hivyo husafiri kutoka mashine hadi flashi, na kutoka flashi hadi mashine. Flashi moja isiyokaguliwa yaweza kuwaharibia kazi wote watakaofuata siku hiyo.

Anayetumia simu yake mwenyewe kupitia Wai-Fai ya maktaba amuulize mkutubi jina kamili la mtandao huo. Mtu yeyote anaweza kuanzisha mtandao wenye jina linalofanana na la maktaba ili kuwanasa wasiouliza.

4. Ukiwa mtandaoni

*Hakikisha umefika unakotaka kwenda.* Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na *.go.tz*, na za vyuo vingi huishia na *.ac.tz*. Matapeli hutengeneza anwani zinazokaribiana, ambazo ndani yake mna maneno "ajira" au "mkopo", lakini mwisho wake ni tofauti. Soma mwisho wa anwani, si mwanzo wake. Alama ya kufuli kwenye upau wa anwani nayo isikudanganye: maana yake ni kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hiyo yamefichwa yasisomwe njiani. Haina maana kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli.

*Kataa kuhifadhi nenosiri.* Kivinjari kikiuliza, jibu hapana, kila mara, hata kama unatarajia kurudi kesho. Kesho huenda kompyuta hiyo ikawa na mtu mwingine. Ikiwezekana tumia dirisha la faragha, ambalo likifungwa halibakizi historia wala vidakuzi kwenye kivinjari. Hata hivyo, dirisha hilo halifuti nyaraka ulizopakua.

*Ahirisha yasiyo ya lazima.* Kufanya miamala ya benki kwenye kompyuta ya umma si jambo la busara hata kidogo. Hujui nani aliitumia kabla yako, wala aliacha programu gani ndani yake. Zipo programu zinazorekodi kila herufi inayochapwa.

*Kumbuka kwamba skrini inaonekana.* Picha za ngono, za mauaji au za kuwadhalilisha watu hazina nafasi katika chumba cha umma. Kusambaza ponografia ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka 2015, na ikihusu watoto uzito wake ni mkubwa zaidi.

*Heshimu kazi ya mwingine.* Kunukuu sehemu ya kitabu kwa ajili ya kujifunza na kumtaja mwandishi ni jambo moja. Kupakua kitabu kizima kinyume cha ruhusa ya mwenye nacho na kukiuza nakala ni jingine. Haki za mtunzi zinalindwa na Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999.

5. Dakika tano za mwisho

Mvuvi wa Katonga au Kibirizi akirudi alfajiri, hata awe amechoka vipi, haachi mtumbwi ukielea. Huuvuta ufukweni na kuufunga kamba, kwa sababu anajua upepo wa ziwa haumsubiri mtu apumzike. Mtumiaji wa kompyuta ya maktaba naye ana kamba zake za kufunga. Tenga dakika tano za mwisho kwa kazi hiyo tu, hata kama shughuli yako haijakamilika:

(a) Toka kwenye kila akaunti uliyoifungua, kwa kubofya kitufe cha kutoka. Mara nyingi huandikwa "Log out" au "Sign out". Kufunga dirisha peke yake hakutoshi, kwa sababu vidakuzi vilivyobaki vyaweza kuirejesha akaunti yako pindi tovuti ile itakapofunguliwa tena.

(b) Futa nyaraka ulizopakua, kisha uzifute tena kwenye kapu la taka la kompyuta. Nyaraka iliyomo kapuni bado inarejeshwa kwa kubofya mara moja.

(c) Futa historia na vidakuzi vya kivinjari, iwapo maktaba inaruhusu.

(d) Kagua printa na skana. Cheti halisi kusahaulika chini ya kifuniko cha skana ni jambo la kawaida kuliko tunavyodhani.

(e) Chomoa flashi yako, kisha ifungue tena tovuti uliyoitumia. Ikikutaka uingize nenosiri upya, umefunga vema. Ikikupokea kwa jina lako, rudi kwenye hatua ya kwanza.

6. Ukiikuta akaunti ya mwenzako

Hapa ndipo uungwana wa mtumiaji hupimwa. Umeketi, ukafungua kivinjari, na mbele yako kuna baruapepe ya mtu usiyemjua. Hakuna anayekuona. Ufanye nini?

Usisome. Usibofye chochote isipokuwa kitufe cha kutoka. Ukikuta cheti au kitambulisho kimebaki, mwite mkutubi akishughulikie. Usikipige picha, hata kwa nia ya kumtafuta mwenyewe. Ukikiweka kwenye kundi la WhatsApp ili "asaidiwe", utakuwa umekitoa mikononi mwa mmoja na kukitia mikononi mwa mamia.

Wapo wanaosema kwamba akaunti iliyoachwa wazi ni kosa la aliyeiacha. Uzembe ni wake, lakini taarifa bado ni zake. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali, na kifungu cha 5 kinakataza kubaki ndani ya mfumo baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta nako ni kosa chini ya kifungu cha 15. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambako mwananchi aliyevunjiwa faragha anaweza kupeleka malalamiko.

7. Usipeleke mbele usilolihakikisha

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi kama hiyo kila kaya ya mwaloni husikilizia habari. Fikiria basi mtu aliyeketi maktaba akaona maneno yasemayo kwamba ziwa limefunguliwa mapema, naye akayasambaza papo hapo kwa ndugu zake. Mvuvi aliyekopa mafuta kwa kuuamini ujumbe huo angekamatwa ziwani na nyavu zake kutaifishwa. Aliyesambaza angekuwa wapi?

Kabla ya kusambaza, jiulize maswali matatu: Nani amesema? Lini? Je, ofisi inayohusika imesema hivyo hivyo kwenye tovuti yake au tangazo lake? Ukikosa jibu la swali mojawapo, ujumbe huo uishie kwako. Kifungu cha 16 cha sheria tuliyoitaja kinahusu uchapishaji wa taarifa za uongo.

8. Watoto

Mtoto ana haki ya kujifunza kwa intaneti, na maktaba ni mahali pazuri kuliko kibanda asikosimamiwa na mtu. Lakini mkutubi si yaya. Mzazi au mlezi amweleze mwanawe kabla ya kumtuma: asitaje jina la shule, mtaa wa nyumbani wala namba ya simu kwa mtu asiyemfahamu, asikubali kukutana na rafiki wa mtandaoni, na akiona jambo la kumtisha, amwambie mtu mzima bila kuogopa kugombezwa. Mtoto anayeogopa fimbo hunyamaza, na kunyamaza huko ndiko anakokutaka mwenye nia mbaya.

9. Likitokea la kutokea

Ukikumbuka ukiwa njiani kwamba hukutoka kwenye akaunti, usisubiri. Azima simu yenye intaneti, ingia, badili nenosiri, kisha chagua kutoka kwenye vifaa vyote. Ukikuta taarifa zako zimebadilishwa, piga picha ya skrini inayoonesha mabadiliko, ijulishe taasisi yenye mfumo huo, na utoe taarifa polisi. Mjulishe na mkutubi: daftari la zamu laweza kuonesha nani aliketi wapi na saa ngapi, na ndiyo sababu wewe nawe uliandika jina lako.

Ukipokea ujumbe wa kitapeli kwenye simu baada ya kujaza fomu mtandaoni, usiufute. Utume kwenda namba 15040, kisha ufuate maelekezo utakayopokea. Wala usimpe mtu yeyote namba ya uthibitisho iliyotumwa kwako, hata akijitambulisha kuwa ni mtumishi wa ofisi unayoifahamu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kufunga dirisha la kivinjari si sawa na kutoka kwenye akaunti?
2. Alama ya kufuli kwenye anwani inathibitisha nini, na nini haithibitishi?
3. Umekuta cheti cha kuzaliwa cha mtu kwenye skana. Eleza hatua utakazochukua, na moja ambayo hutaichukua.
4. Rudi kwenye mfano wa binti wa Ujiji. Taja makosa manne aliyoyafanya, kisha useme lipi kati ya hayo umewahi kulifanya wewe.

Swali la nne halina alama. Lijibu kwa ukweli, na utakapokwenda maktaba siku nyingine, uanze na jibu hilo.