Umeumia Kwenye Nyumba ya Likizo: Umdai Nani?

Kila Desemba na kila Pasaka, nyumba za kukodi kwa siku chache hujaa kuanzia Diani hadi Watamu. Marafiki wanane wanachanga, mmoja anabuki, na Ijumaa usiku wanafika kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuiona ila kwa picha. Taa ya nje imeungua. Ngazi inayoshuka bwawani ina vigae laini vilivyoota ukungu wa kijani, na asubuhi ya kwanza mtu anateleza, anaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Au ni ile shawa ya umeme ya kuchemsha maji papo hapo, iliyofungwa bila waya wa ardhini, inayompiga mtu shoti anapogusa mfereji. Hotelini kungekuwa na meneja wa zamu na daktari wa kuitwa. Hapa kuna nambari ya simu ya mtu asiyejulikana sura, na mlinzi langoni ambaye hana cha kukupa zaidi ya pole.

Swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni nyumba ni ya nani. Sheria ya Kenya huanza na swali jingine: nani alikuwa na mamlaka juu yake? Sheria ya dhima ya wenye kushika majengo, Sura ya 34, haimtazami mwenye hati peke yake. Inamtazama yule anayeamua nani aingie, nini kitengenezwe na lini. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa siku hizi, kwa sababu wengi wanaokodisha fleti za Nyali au Kilimani ni wapangaji wenyewe. Wamechukua nyumba kwa kodi ya mwezi, wakaweka makochi na televisheni, wakaanza kuipangisha kwa usiku. Bomba la shawa liko mikononi mwao. Ngazi za jengo, lifti na bwawa la pamoja kwa kawaida vimebaki mikononi mwa mwenye jengo au kampuni inayolisimamia. Kwa hiyo ukiungua bafuni unaweza kumdai mmoja, na ukianguka kwenye ngazi ya pamoja ukamdai mwingine. Mara nyingi busara ni kuwashtaki wote wawili, mahakama ndiyo iwagawie lawama.

Anachodaiwa mshika jengo si kwamba hakuna mgeni atakayeumia kamwe. Anadaiwa uangalifu wa kiasi kinachofaa, ili mgeni awe salama akitumia nyumba kwa shughuli aliyoalikiwa. Sheria inamtaka atarajie kwamba watoto hawana tahadhari ya watu wazima, kwa hiyo bwawa lisilo na uzio kwenye nyumba inayotangazwa kuwa ya familia ni hoja nzito. Kibao cha onyo humwokoa pale tu kinapotosha kumfanya mgeni awe salama kweli. Karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa jikoni haimsaidii mtu anayeshuka ngazi gizani. Akisema kosa ni la fundi, ataulizwa kama ilikuwa busara kumpa fundi yule kazi ile, na kama alichukua hatua za kuhakikisha kwamba anaijua kazi yake na kwamba ameifanya sawasawa.

Halafu kuna yale masharti: “Wageni watatumia bwawa kwa hatari yao wenyewe.” Watu huisoma sentensi hiyo baada ya ajali na kukata tamaa. Wasikate. Aliyebuki ndiye aliyeyakubali masharti. Wale wenzake saba hawakuingia mkataba wowote. Sura ya 34 inasema kwamba mshika jengo anayefungwa na mkataba kuwaruhusu watu wa nje ya mkataba huo waingie, hawezi kuutumia mkataba wenyewe kupunguza wajibu wake kwao. Na hata aliyebuki ana Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambayo haki zake hazifutwi kwa kutia saini tu.

Sasa ushahidi, na hapa ndipo kesi nyingi hufa. Nyumba hutengenezwa haraka. Mgeni akiondoka Jumapili, Jumatatu taa mpya imefungwa na ngazi imesuguliwa kwa jiki, na picha za tangazo zinaonyesha usafi mtupu. Piga picha na video kabla hujaondoka, au mwombe mwenzako akupigie ukiwa hospitali: kwa mbali ili mahali paonekane, kisha kwa karibu, kisha saa ileile ya ajali ili kiwango cha mwanga kionekane. Simu iliyopiga picha hizo itunze, kwa maana mahakama hutaka cheti kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki umetokana na kifaa gani. Mwandikie mwenyeji ujumbe siku hiyohiyo, maneno machache yasiyo na hasira: nini kimetokea, saa ngapi, wapi. Akijibu “Pole sana, fundi alikuwa aje wiki jana”, umepata hoja ambayo wakili wake atakesha akijaribu kuizima. Ripoti polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, hasa kama ni shoti ya umeme, moto wa gesi au mtu kuzama.

Hospitali, mweleze daktari chanzo cha jeraha na uhakikishe kimeandikwa. Hifadhi kila risiti, hata ya teksi na ya dawa za kutuliza maumivu. Mahakama za Kenya hugawa fidia mafungu mawili: ya maumivu, ambayo hakimu huipima kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia, na ya gharama ulizotoa mfukoni. Hili la pili lazima litajwe waziwazi kwenye hati ya madai na kuthibitishwa shilingi kwa shilingi. Risiti iliyopotea ni hela iliyopotea.

Usidharau ujumbe wa M-Pesa. Kwenye programu ya kubuki, mwenyeji anaweza kujiita jina lolote, ila huwezi kumshtaki lakabu. Ujumbe wa malipo una jina la mtu au biashara iliyopokea pesa. Jambo jingine linahusu wale wanaokwepa ada ya programu kwa kuhamia WhatsApp na kulipana pembeni. Airbnb ina bima ya dhima kwa wenyeji, ndani ya mpango uitwao AirCover for Hosts, inayofika hadi dola milioni 1 za Marekani mgeni akiumia na mwenyeji akaonekana kuwajibika. Bima hiyo inahusu ukaaji uliobukiwa kupitia Airbnb. Ukilipa pembeni, umeokoa ada na umeitupa bima. Mimi naona hiyo ni biashara mbaya.

Siku chache baada ya ajali mwenyeji anaweza kuja na bahasha. Kupokea msaada wa bili ya hospitali si vibaya. Hatari ni karatasi inayoambatana nao, iliyoandikwa kwamba umelipwa kikamilifu na huna dai jingine. Mfupa uliovunjika unaweza kuhitaji upasuaji wa pili mwaka ujao, na saini yako itakuwa imekwisha kufunga mlango. Usitie saini kabla daktari hajasema hali yako imetulia.

Muda upo, lakini si mwingi. Dai la uzembe lifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku ya kuumia. Tanzania Bara pia ni miaka 3, na Zanzibar ina sheria zake. Kabla ya kushtaki, tuma barua ya madai na umpe unayemdai nafasi ya kujibu. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa sheria yake hushughulikia fidia ya majeraha, haikulazimishi kuwa na wakili, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Unaweza kujieleza kwa Kiswahili. Dai kubwa zaidi huenda kwa hakimu. Mkaazi wa Nairobi aliyeumia Kwale na kumdai mwenyeji anayeishi Nairobi anaruhusiwa kuchagua mojawapo ya kaunti hizo mbili.

Utaulizwa nawe ulifanya nini. Kama ulikuwa umelewa, au ulikimbia kwenye vigae vilivyolowa, hakimu anaweza kukubebesha sehemu ya lawama: fidia ya shilingi 400,000 ukiwa na asilimia 30 ya kosa inabaki 280,000. Kuficha hili kwa wakili wako ni kumpeleka kesini bila silaha.

Na kuhusu wakili: jihadhari na dalali anayekujia wodini, na makubaliano ya “usinilipe mpaka tushinde”. Sheria ya Mawakili ya Kenya haiyatambui makubaliano ya namna hiyo. Patana ada mapema, kwa maandishi.

Jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa tayari na hukumu mkononi ni kwamba kushinda na kulipwa ni safari mbili. Mwenyeji ambaye ni mpangaji anaweza kuwa hana kitu isipokuwa makochi na televisheni, na dalali wa mahakama hawezi kupiga mnada jengo la mtu mwingine. Ndiyo maana, kabla ya kufungua kesi, tafuta kwa msajili wa ardhi hati ina jina la nani. Kama msimamizi ni kampuni, fanya upekuzi kwa msajili wa kampuni, kisha uulize kwa barua kama kuna bima ya dhima na ni ya kampuni gani. Jibu la barua hiyo ndilo litakaloonyesha ni nani kati ya washtakiwa wako anayeweza kulipa.