Kwa Nini Rubani Huinamisha Pua ya Ndege Wakati wa Hatari

Mwanafunzi wa Ruanda, katika Wilaya ya Mbozi, huishi mahali ambapo hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani. Maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100 za Sentigredi, na maharagwe hukawia kuiva. Akina mama wa nyanda za juu hulijua jambo hilo bila ya kipimajoto. Lisilofahamika sana ni kwamba wepesi huohuo wa hewa humhusu rubani anayetua au kuruka katika Uwanja wa Ndege wa Songwe. (Uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 2012 kuchukua nafasi ya ule wa zamani wa mjini Mbeya, umo katika Mkoa wa Mbeya, wala si katika Mkoa wa Songwe ulioundwa mwaka 2016. Jina limewachanganya wengi.) Humhusu zaidi katika sekunde chache za mwanzo wa hatari, ambapo mkono wa mtu hutaka kutenda jambo moja na fizikia hudai jambo jingine.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba ndege haishikiliwi angani na injini. Hushikiliwa na mabawa. Kazi ya injini ni kuipa kasi. Kani ya kuinua hutegemea densiti ya hewa, mraba wa kasi, eneo la mabawa, na pembe ambayo mabawa huikabili hewa inayokuja. Katika usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina tungamo la kilo 1.225 hivi. Songwe, mita zipatazo 1,340 juu ya bahari, tungamo hilo ni kilo 1.075 tu kwa vipimo vya angahewa sanifu, na siku ya joto kali hupungua zaidi. Upungufu ni wa asilimia 12. Kwa kuwa kasi huingia katika hesabu kwa mraba wake, ndege yenye uzito uleule lazima iongeze kasi kwa asilimia 7 hivi ili ipate kani ileile. Ndiyo sababu mojawapo ya viwanja vya nyanda za juu kuhitaji njia ndefu za kurukia.

Rubani aweza pia kuongeza kani kwa kuinua pua ya ndege, yaani kwa kuongeza ile pembe. Lakini hilo lina mpaka. Katika mabawa ya kawaida, pembe ikipita nyuzi 15 au 16 hivi, hewa haiwezi tena kuufuata mgongo wa bawa. Huachana nao na kuvurugika. Ndege hutetemeka, kani ya kuinua hupungua ghafla, na ndege huanza kuanguka. Bawa limeshindwa, hata kama injini zingali zinanguruma.

Mtu anayeanguka hutaka kupanda. Kwa hiyo mkono huvuta usukani, pua huinuka, pembe huzidi kuwa kubwa, na bawa huzidi kushindwa. Dawa ni kinyume chake: kuusukuma usukani mbele, kuielekeza ndege chini, mpaka hewa ipite tena vizuri juu ya bawa. Ndiyo maana mwanafunzi wa urubani, awe katika chuo cha Soroti nchini Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, au kwingineko, hupandishwa juu sana pamoja na mwalimu wake, kisha bawa hushindishwa kwa makusudi. Hurudia zoezi hilo mpaka mkono uzoee kutii. Hatari yake ya kwanza ya kweli yapaswa imkute akiwa amekwisha kuionja.

Mfano ulio wazi ni wa Beryl Markham, aliyekulia Njoro nchini Kenya na kujifunza urubani kwa Tom Campbell Black. Usiku wa tarehe 4 Septemba, 1936, akiwa peke yake juu ya Atlantiki katika safari ya kutoka Uingereza kwenda Amerika Kaskazini, tangi moja la mafuta lilimalizika na injini ikanyamaza. Alikuwa futi 2,000 hivi juu ya maji, yaani mita 600. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1942, aeleza kwamba kimya kile kilimpumbaza. Akili na moyo vilikataa kabisa kuielekeza ndege baharini gizani. Ni mikono yake tu, kama mikono ya mgeni, iliyotii sheria. Aliinamisha pua, akafungua tangi jingine, na injini ikawaka ikiwa zimebaki futi 300 hivi. Kesho yake barafu iliziba njia ya hewa ya tangi, injini ikazimika tena, naye akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, akiwa hai, baada ya saa 21 na dakika 25 angani.

Lakini kutii sheria hakutoshi pasipo kimo. Tarehe 20 Novemba, 1974, ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747 iliruka kutoka Nairobi kwenda Johannesburg ikiwa na watu 157. Kiwanja hicho kiko mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari. Vibawa vya ukingo wa mbele, ambavyo huliwezesha bawa kuhimili pembe kubwa zaidi, havikufunguka, kwa kuwa vilisukumwa kwa hewa ya shinikizo na vali zake zilikuwa zimefungwa. Mara tu ndege ilipoacha ardhi ilitetemeka. Rubani mkuu alidhani ni magurudumu, akayakunja. Mwenzake aliyeshika usukani aliinamisha pua ili kulinda kasi, kama alivyofundishwa. Lakini ndege ilikuwa imepanda mita 30 tu hivi. Ilianguka zaidi ya mita 1,000 kutoka mwisho wa njia, na watu 59 wakafa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kuua watu. Baada yake mitambo ya kuonya iliongezwa, ili ndege ya aina hiyo isiruke vibawa vikiwa vimefungwa bila rubani kuarifiwa.

Kimo ni akiba ya nishati, na kuinamisha pua ni kuitumia akiba hiyo kununua kasi. Mwanafunzi aichukue ndege iendayo mita 75 kwa sekunde, aache msuguano na nguvu ya injini, na mvutano wa dunia auhesabu kuwa 10. Ikishuka mita 30, mraba wa kasi huongezeka kutoka 5,625 hadi 6,225; kasi mpya ni mita 79 hivi kwa sekunde. Ardhi imefikiwa, na kilichopatikana ni mita 4 tu. Ikishuka mita 500, kasi hupita mita 120.

Jambo hili laweza kuonekana darasani kwa karatasi ya daftari iliyokunjwa kuwa ndege. Irushwe kutoka juu ya meza, pua ikiwa imeinuliwa mno: itapanda kidogo, itasimama, itainamisha pua yenyewe, itapata kasi, na huenda ikaelea tena hadi ukutani. Kisha irushwe vivyo hivyo kutoka usawa wa goti.